Crohn: ukishakatwa utumbo, namna ya kuunga inazuia ugonjwa kurudi?

Meza ya Upasuaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa tumbo. Kuna swali ambalo karibu kila mgonjwa wa Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo) huniuliza kabla ya kusaini fomu ya ridhaa: "Dokta, mkishatoa hicho kipande kibovu, ndiyo nimepona?" Majibu wanayopewa watu huwa ya haraka mno, ama "ndiyo, utakuwa sawa," ama "utarudi tu, hauna dawa huo." Yote mawili yanawaumiza. Nimeamua kuandika kwa urefu, na mwenye swali aulize hapa hapa.

Tuanze na mahali ugonjwa unapokaa. Crohn inaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, lakini makao yake makuu ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoingia kwenye utumbo mpana, jirani na kidole tumbo. Hapo ndipo Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walipouelezea mwaka 1932 wakiwa hospitali ya Mount Sinai, New York. Operesheni inayofanywa zaidi ni kuondoa kipande hicho cha mwisho pamoja na mwanzo wa utumbo mpana, kisha kuunga ncha mbili zilizobaki.

Ugonjwa ukirudi, haurudi ovyo. Mara nyingi unarudi upande wa utumbo mwembamba, sentimita chache tu juu ya maungio. Paul Rutgeerts na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, waliwapitishia kamera wagonjwa waliokwisha kukatwa, wakakuta ndani ya mwaka 1 kama asilimia 73 wana vidonda vipya, ilhali waliokuwa na dalili ni kama asilimia 20 tu. Yaani walio wengi walikuwa wanakula, wanafanya kazi, wanajiona wamepona, na ndani vidonda vimeshaanza. Kipimo chao cha ngazi tano, kutoka i0 (hakuna vidonda) hadi i4 (hali mbaya zaidi), bado tunakitumia kila siku, na mtu mwenye i3 au i4 tunajua yuko njiani kuugua tena.

Kwa nini hapo hapo? Watu hao hao wa Leuven walichapisha jibu mwaka 1991. Waliwafuatilia wagonjwa ambao choo chao kilikuwa kimeelekezwa nje kwa muda, kisipite kwenye maungio. Utumbo ulikaa salama. Njia iliporudishwa, vidonda vikarudi. Mwaka 1998 wakaonyesha kwamba ukimimina majimaji ya utumbo ya mgonjwa mwenyewe kwenye sehemu iliyokuwa imepumzishwa, ndani ya siku 8 tu darubini inaona uvimbe umeanza. Kwa hiyo kuna kitu kwenye choo, na bakteria ndio wanaoshukiwa zaidi, ambacho mwili wa mwenye Crohn unakipiga vita. Kisu hakiondoi vita hiyo. Kinaondoa uwanja mmoja.

Sasa, tukate kiasi gani? Zamani madaktari walikata kwa mapana kama wanavyokata saratani, wakiamini ukiacha chembe umeacha ugonjwa. Mwaka 1996 Victor Fazio na wenzake wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha utafiti ambao kundi moja lilikatwa sehemu mbovu pamoja na sentimita 2 za utumbo wenye afya kando yake, na jingine sentimita 12. Kukata zaidi hakukuzuia ugonjwa kurudi. Tangu hapo msimamo wetu ni kutoa kinachoonekana kibovu kwa macho na mikono, basi.

Na mikono ina kazi kubwa. Utumbo unashikiliwa na mesenteri, utando wenye mafuta unaobeba mishipa ya damu. Kwenye Crohn mafuta hayo hunenepa na kuutambalia utumbo hadi kuufunika. Pale mezani naubana ukingo huo kwa kidole gumba na cha shahada, natembea nao taratibu kuelekea juu. Penye ugonjwa huwezi kuhisi mpaka, utumbo na mesenteri vimekuwa donge moja. Ukifika penye uzima, vidole vinakutana vizuri na unahisi wazi utumbo unaanzia wapi. Hapo ndipo pa kukata.

Kila sentimita inayobaki ina thamani. Mwisho wa utumbo mwembamba ndio unaonyonya vitamini B12 na kurudisha chumvi za nyongo mwilini, na hakuna sehemu nyingine inayofanya kazi hiyo ipasavyo.

Karibuni.

---

Subira2

Shikamoo Dokta. Asante sana, nimesoma mara mbili. Mimi ni dada mwenye ugonjwa huu, nimeshapangiwa upasuaji. Daktari wangu alisema ataunga "kwa mashine." Dada mwingine tulikutana kliniki akaniambia nikatae, niombe mshono wa Kijapani kwa sababu wenyewe hauruhusu ugonjwa kurudi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nishike lipi?

---

Meza ya Upasuaji

Marahaba Subira2, na pole. Lala, mdogo wangu. Nitakueleza zote mbili uone mwenyewe.

Mashine ni stepla ya upasuaji. Ncha mbili za utumbo zinalazwa ubavu kwa ubavu, stepla inaingizwa, inapiga mistari ya pini ndogo za chuma na kukata katikati kwa wakati mmoja, ukapata mlango mpana. Njia ya zamani ni kushona kwa mkono, mdomo kwa mdomo. Kwa miaka mingi waliamini upana wa stepla unasaidia, kwa kuwa choo hakikwami juu ya maungio. Robin McLeod na wenzake walilipima hilo katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2009. Baada ya kama mwaka 1, vidonda vilionekana kwa asilimia 42.5 ya walioshonwa mdomo kwa mdomo, na asilimia 37.9 ya waliopigwa stepla ubavu kwa ubavu. Kitakwimu hakuna tofauti. Stepla inaokoa muda na ni njia salama mikononi mwa anayeizoea, lakini haina kinga ya pekee.

Mshono wa Kijapani unaitwa Kono-S, kwa jina la Toru Kono, aliyeuanza 2003 na kuuchapisha 2011. Fikra yake naipenda, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kwenye Crohn vidonda hupenda upande wa utumbo unaogusana na mesenteri. Kono akasema tuunge upande wa pili kabisa. Mesenteri hukatwa karibu sana na ukuta wa utumbo, ili mishipa ya damu na ya fahamu ibaki. Ncha mbili hufungwa kwa stepla. Halafu, badala ya kuzitupa kando, zile ncha zilizofungwa hushonwa pamoja, mgongo kwa mgongo, zikawa nguzo ngumu inayosimama kati ya maungio na mesenteri. Ndipo utumbo unapasuliwa kwa urefu, kama sentimita 7 kila upande, ule upande ulio mbali na mesenteri, na milango hiyo inashonwa pamoja kwa mkono kwa kukingama. Ukimaliza una mlango mpana ambao nguzo inauzuia usijikunje wala kusinyaa.

Matokeo? Kundi la Naples, Italia, likiongozwa na Gaetano Luglio, lilichapisha mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 79 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Miezi 6 baadaye vidonda vilikuwepo kwa asilimia 22.2 ya waliofanyiwa Kono-S, dhidi ya asilimia 62.8 ya waliofanyiwa stepla ya kawaida. Hiyo ni tofauti kubwa kweli, na imefanya madaktari wengi wajifunze mshono huo, mimi nikiwemo. Lakini ni wagonjwa 79, hospitali moja, mikono michache. Siwezi kukuambia "hauruhusu ugonjwa kurudi," maana hata katika utafiti huo huo mmoja kati ya watano alikuwa na vidonda ndani ya nusu mwaka.

Kwa hiyo ukimuuliza daktari wako, usimuulize "kwa nini hutumii Kono-S?" Muulize ni maungio gani amefanya mengi, na maungio yake huvuja mara ngapi. Mtu anayepiga stepla vizuri kila wiki ni bora kwako kuliko anayejaribu Kono-S kwa mara ya kwanza juu ya tumbo lako.

---

Zamu ya Usiku

Naongezea hapo kwenye kuvuja, maana mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji na ndiko tunakoona machozi. Watu wanabishana mshono gani, ilhali mgonjwa ameingia amekonda, anameza steroidi kila siku, ana jipu tumboni. Mgonjwa wa namna hiyo ukimuunga siku hiyo hiyo, maungio yanaweza kuachia hata yashonwe na nani.

Wanaofanya vizuri ninaowaona ni wale walioandaliwa. Jipu linatolewa usaha kwanza kwa mrija unaopitishwa kwenye ngozi kwa kuongozwa na picha, antibiotiki zinafanya kazi, steroidi zinapunguzwa pole pole chini ya usimamizi wa daktari (asiache mtu ghafla nyumbani, ni hatari), na mgonjwa analishwa wiki kadhaa hata kwa maziwa maalumu ya virutubisho hadi uzito unyanyuke. Na daktari akisema "tutoe utumbo nje kwa muda, tuunge baadaye," hiyo si adhabu. Nimeshika mikono ya wengi waliolia kwa sababu ya ule mfuko wa choo unaobandikwa tumboni, na baada ya miezi wakaunganishwa wakiwa na nguvu zao.

Swali langu kwa Dokta: kuna madaktari siku hizi wanataka watoe na mesenteri yote. Imekaaje?

---

Meza ya Upasuaji

Zamu ya Usiku, ulichoandika kingepaswa kubandikwa mlangoni mwa kila kliniki.

Kuhusu mesenteri. Kawaida tunaiacha, tunakata karibu na utumbo. Calvin Coffey na wenzake wa Limerick, Ireland, walisema labda ule utando wenye mafuta si mtazamaji tu bali ndio unaochochea. Mwaka 2018 wakaripoti kwamba waliotolewa mesenteri walirudi mezani kwa asilimia 2.9 tu, dhidi ya asilimia 40 ya wale walioachiwa. Dunia yetu ya upasuaji ilishtuka. Tatizo ni kwamba kundi la kulinganisha lilikuwa la wagonjwa wa nyuma, wa enzi nyingine ya dawa na ufuatiliaji, si watu waliogawanywa kwa bahati nasibu wakati mmoja.

Walipogawanywa hivyo, katika utafiti uliopewa jina SPICY, uliofanywa Uholanzi na Italia na kuchapishwa 2024, vidonda baada ya miezi 6 vilikuwa asilimia 42 kwa waliotolewa mesenteri kwa mapana na asilimia 43 kwa walioachiwa. Sawa sawa. Miezi 6 ni mifupi na huenda miaka mingi ikasema kingine, lakini kwa leo simkati mtu mesenteri kwa mapana kwa matumaini ya kuzuia Crohn. Na angalia jambo moja la kuvutia: Kono-S inaiacha mesenteri mahali pake, inaitenga tu na maungio, na Limerick waliiondoa. Njia mbili zinazopingana zinamnyooshea kidole mtuhumiwa mmoja.

---

Mdadisi

Mkuu, samahani, lakini kwa maelezo haya naona upasuaji ni kupoteza muda. Asilimia 73 vidonda vinarudi! Si bora mtu ameze dawa zake akae na utumbo wake mzima?

---

Meza ya Upasuaji

Mdadisi, swali halali. Kwanza tofautisha mambo matatu: vidonda kwenye kamera, dalili, na kurudi mezani. Vya kwanza ni vingi, vya pili vichache zaidi, na wanaokatwa tena ni kama theluthi moja ndani ya miaka 10. Na takwimu ile ya Leuven ni ya enzi ambayo baada ya kukatwa mtu aliachwa hivi hivi bila dawa za leo.

Pili, kuna utafiti uliolinganisha moja kwa moja, unaitwa LIR!C, wa Uholanzi na Uingereza, matokeo ya kwanza yalitoka 2017. Wagonjwa 143 wenye ugonjwa mfupi mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambao dawa za kawaida zilishindwa. Wengine walikatwa kwa laparoskopia, yaani matundu madogo, wengine wakapewa infliksimabu, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Baada ya mwaka 1 ubora wa maisha yao ulilingana. Walipofuatiliwa kwa kama miaka 5, asilimia 48 ya waliopewa dawa walikuwa wameishia kukatwa. Katika waliokatwa mwanzoni, hakuna hata mmoja aliyekatwa mara ya pili, na robo hivi ndio waliohitaji kuanza dawa za kundi hilo.

Kwa mwenye ugonjwa mfupi wa eneo hilo, upasuaji wa mapema ni tiba halali, si dalili kwamba matibabu yameshindwa. Kwa mwenye ugonjwa uliotapakaa utumbo mzima, hesabu ni nyingine kabisa.

---

Kaka wa Mgonjwa

Hapo kwenye kutapakaa ndipo alipo mdogo wangu. Alishakatwa zamani, sasa picha inaonyesha utumbo umebana sehemu nyingi. Anaogopa akikatwa tena na tena atabaki hana utumbo. Kuna njia?

---

Meza ya Upasuaji

Ipo, ndugu, na hofu yake ina msingi. Inawezekana kupanua penye mbano bila kukata kipande. Unapasua utumbo kwa urefu kupitia pale palipobana, kisha unashona ule mpasuo kwa kukingama, kama fundi anavyoongeza upana wa mkono wa nguo kwa kupunguza urefu kidogo. Hakuna utumbo unaotupwa. Mbano usiozidi sentimita 10 hivi hushonwa hivyo, mirefu zaidi ina mitindo mingine, na Fabrizio Michelassi mwaka 1996 alielezea mtindo wa kulaza vipande virefu ubavu kwa ubavu.

Asili ya njia hii ni kifua kikuu cha utumbo. Madaktari wa India waliichapisha 1977 kwa wagonjwa waliobanwa na makovu ya TB, na Emanoel Lee wa Oxford akaileta kwenye Crohn mwaka 1982. Wengi waliogopa: utashonaje utumbo mgonjwa, si utaachia? Haukuachia. Na mara nyingi uvimbe pale palipopanuliwa hutulia wenyewe, jambo linalonifanya niamini kwamba kukwama kwa choo kuna mchango wake katika ugonjwa huu.

Lakini si kila mbano unafaa. Penye jipu, fistula (njia isiyo ya kawaida iliyotoboka kutoka kwenye utumbo), au shaka ya saratani, hapo panakatwa. Zamani kulikuwa na njia ya tatu, ya kuurukia utumbo mgonjwa bila kuutoa. Rais Eisenhower wa Marekani alifanyiwa hivyo mwaka 1956. Tuliiacha kwa sababu kipande kilichorukwa kiliendelea kuugua, na saratani iliweza kuota humo bila mtu kuiona.

Mwambie mdogo wako aombe daktari anayefanya upanuzi huo mara kwa mara, na aulize mapema kabla ya siku ya operesheni: "Utumbo wangu umebaki na urefu gani?" Daktari mzuri hupima kwa sentimita na kuandika kwenye ripoti.

---

Subira2

Dokta, nimelala jana, asante. Swali la mwisho. Basi nikishakatwa, ni kitu gani hasa kitanisaidia usinirudie?

---

Meza ya Upasuaji

Subira2, hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Tunabishana kuhusu mshono miaka nenda miaka rudi, halafu mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani bila tarehe ya kamera. Mimi ni mtu wa kisu, nakwambia bila kusita: tarehe ile ina uzito kuliko uchaguzi wangu wa mshono.

Utafiti wa POCER wa Australia na New Zealand, uliochapishwa 2015, uliwachukua wagonjwa 174. Wote walipewa dawa kulingana na hatari yao. Kundi moja likapitishiwa kamera miezi 6 baada ya upasuaji, na aliyekutwa na vidonda akaongezewa dawa hata kama hana dalili. Jingine likaendelea bila kamera hiyo. Miezi 18 baada ya upasuaji, vidonda vilikuwepo kwa asilimia 49 ya kundi la kwanza na asilimia 67 ya la pili. Kamera moja, na mtu wa kuchukua hatua baada yake.

Dawa zenyewe: infliksimabu ilipopimwa kwa wagonjwa 297 (utafiti ulichapishwa 2016), vidonda vilikuwa asilimia 30.6 dhidi ya 60.0 kwa waliopewa dawa bandia, ingawa tofauti ya dalili haikuwa ya kuaminika kitakwimu. Metronidazoli, ambayo ni antibiotiki, ikitumiwa miezi 3 inachelewesha vidonda, ila wengi huishindwa kwa kichefuchefu na ganzi ya vidole. Daktari wa dawa na wa upasuaji wakae pamoja wakupangie kabla hujakatwa. Wenye hatari kubwa ni waliowahi kukatwa, waliotobokwa utumbo au wenye fistula, na wavutaji wa sigara.

Sigara naitaja peke yake. Anayeendelea kuvuta ana hatari ya kama mara mbili ya kurudiwa. Hakuna mshono, wa Kono wala wa mwingine yeyote, unaofuta hilo.

Basi usitoke wodini bila tarehe ya kamera imeandikwa, kati ya mwezi wa 6 na wa 12.

---

Nimekatwa Tayari

Wakuu nimechelewa kuuona uzi. Mimi nilikatwa miezi michache iliyopita, sasa naharisha maji hasa nikishakula. Nimekata tamaa, naona umerudi.

---

Zamu ya Usiku

Pole sana, lakini usikate tamaa kabla ya kupima. Ukitolewa mwisho wa utumbo mwembamba, chumvi za nyongo hazinyonywi vizuri, zinamwagika kwenye utumbo mpana na kuuwasha, ndipo unaharisha maji baada ya kula. Hiyo ni matokeo ya operesheni, si ugonjwa, na ina dawa yake ya kuzinasa chumvi hizo, kolestiramini. Nimeona watu wanarudishiwa steroidi bure kwa kosa hili hili.

Mwombe daktari kipimo cha choo cha kalprotektini (protini inayopanda utumbo ukiwa na uvimbe), na B12 kama hujapimwa. Kalprotektini ikiwa chini, hiyo ni ishara nzuri. Ikiwa juu, kamera isisubiri. Ukiona damu, homa, au tumbo linajaa na kutapika, usingoje miadi, nenda hospitali leo.

---

Nimekatwa Tayari

Hakuna aliyewahi kunieleza habari za nyongo. Kesho asubuhi naenda na ripoti yangu ya upasuaji. Nitarudi na majibu.